Aliyemfundisha Shadya Herufi

Maskati,
12 Oktoba 1985

Dada yangu mpenzi Turkiya,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuulizia afya yako, na ya mama yako Bi Mwanaasha na miguu yake, maana niliondoka ikiwa imevimba. Mimi sijambo, nakula na kulala, joto la huku tu ndilo linaloniadhibu. Nisalimie Mwera nzima, asibaki mtu.

Dada, mwezi wa sita niliolewa. Najua ilinipasa kukuandikia mapema, nisamehe, mambo yalikwenda haraka. Bwana anaitwa Taimur, mtu mzima, mpole, hakosi msikitini. Kwao ni wenyeji wa hapa hapa tangu mababu, humu nyumbani hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga Afrika, na Kiswahili hawakijui. Nyumba iko mikononi mwa mama yake. Nasema Kiarabu kutwa nzima mpaka taya zinaniuma.

Shida yangu ni mwanangu Shadya. Sasa ana miaka miwili na nusu. Nataka uanze kumfundisha herufi za Kiarabu hapo nyumbani, usingoje afike umri wa kupelekwa chuoni kusoma Kurani. Wewe ulifundisha kisomo miaka yote ile, njia unazijua. Herufi za Kizungu ziache kwanza. Nataka mtu akimwuliza alifu, aijue alifu.

Naomba na picha yake. Mpeleke Pangani kwa mpiga picha, akae kwenye kiti, peke yake. Peke yake, dada.

Niliyokuahidi siku ya kuagana sijayasahau. Nikitulia nitawaita nyote wawili. Marehemu Hilal aliniachia mtoto akiwa tumboni, na wewe ndiye uliyempokea kwa mikono yako toka dakika ya kwanza. Nitakusahauje?

Mchukuzi wa barua hii, Bwana Miraji wa Tanga, ana mzigo wenu: sabuni sita, khanga doti mbili, na biskuti za mtoto.

Mdogo wako,
Azza


Mwera, Pangani,
24 Novemba 1985

Mdogo wangu Azza,

Marahaba, na hongera! Loo, mwenzangu, mtu anaolewa mwezi wa sita mie napata habari mwezi wa kumi na moja, hata harufu ya pilau sikuisikia. Mama kapiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani kajifungua. Miguu yake haijambo, ulimi ndio kabisa haujambo. Anakusalimu, anauliza kama huyo bwana anakula samaki.

Mzigo umefika. Sabuni zimefika tano, ya sita Miraji kasema ilidondoka njiani. Nami najua ilikodondokea, maana alipoinama kunipa barua alinukia mpaka nikapiga chafya. Lakini ahsante sana. Huku tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, na sukari tunaisikia kwenye hadithi. Khanga doti moja nimempa mama, moja naivaa nikikuandikia.

Sasa mwanao. Azza, kisomo kilikuwa cha watu wazima. Mtu mzima ukimwambia kaa, anakaa. Huyu ukimwambia kaa, anamfuata bata. Chaki hakuna, daftari hakuna, duka la ushirika toka Idi halijaona penseli. Nikaandika alifu kwa mkaa ukutani, hakuitazama hata mara moja. Siku ya pili vile vile. Nikasema basi, huyu kamfuata mama yake, tumwache.

Siku ya tatu nilikuwa nasuka ukili wa mkeka, naye kanikalia miguuni ananinyang'anya ukindu. Nikakata kipande kimoja, nikamnyooshea: "Huyu alifu." Akakishika. Nikakunja kingine kama kibakuli, nikakilaza juu ya mkeka, chini yake nikaweka punje ya choroko: "Huyu be, ana mtoto mmoja chini." Nikakunja kingine, punje mbili juu: "Huyu te, ana watoto wawili kichwani." We! Bata akasahauliwa. Akawa ananiletea ukindu mwenyewe: "Maku, fanya mwingine." Ndivyo anavyoniita, mama mkubwa kalifupisha hivyo.

Ila siku ya nne nukta ya be ikapotea. Natafuta, natafuta, kumbe kaitia puani. Nilimziba tundu la pili nikamwambia apige chafya ya simba, ikaruka mpaka kwenye chungu cha mama. Toka siku hiyo choroko marufuku. Nimekwenda kwa Mzee Uweso kumwomba komwe za bao, akanipa sita kwa shingo upande, kama nimemwomba meno yake. Komwe haziingii puani, nimezipima.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, nimekuelewa. Hutaki mtoto akienda chuoni kwa Maalim Sadalla awe wa mkiani. Nami kila nikimfundisha najifundisha mwenyewe maneno mawili matatu ya kusema, nisije nikawa bubu huko siku utakapotuita.

Picha nitampeleka mvua ikikatika, njia ya Pangani ni tope tupu.

Dada yako akuombeaye heri,
Turkiya


Maskati,
9 Januari 1986

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinichekesha nikiwa peke yangu, kisha nikaikunja upesi. Alhamdulillahi sote wazima. Taimur amepandishwa cheo kazini.

Nafurahi Shadya ameanza. Endelea hivyo hivyo, tafadhali usipunguze. Nataka azijue zote kabla ya katikati ya mwaka. Dada, nina mambo mawili nakuomba usiyachukulie vibaya. Kwanza, mama yako asimsemeshe sana Kizigua. Mtoto mdogo anashika haraka, na kukitoa ni kazi. Pili, hilo jina la Maku. Angezoea kukuita kwa jina lako tu ingekuwa vizuri.

Picha bado naingoja. Hapa nyumbani wanaiulizia.

Nina haraka, nitakuandikia kwa kirefu.

Azza


Mwera,
27 Februari 1986

Azza,

Marahaba. Sisi hatujambo, na Mama anakusalimu. Hajui ulichoandika. Nilipofika hapo pa Kizigua nilimsomea salamu tu, nikaruka.

Nitakujibu mara moja halafu tuyaache. Mie na wewe baba yetu mmoja, mama mbali. Mama yako Mwarabu wa Pemba, Mungu amrehemu, alipofariki ulikuwa na miezi minane. Aliyekubeba mgongoni ni huyu Mzigua wangu. Ulilia kwa Kizigua, ukaomba maji kwa Kizigua, na hukukitoa kwa kazi, kilikutoka chenyewe. Sasa kitamdhuru nini Shadya? Na kuhusu kuniita Turkiya, mtoto wa miaka miwili aniite jina langu kama mwenye nyumba anayedai kodi? Ati nini! Ataniita Maku.

Haya, nimemaliza. Nikupe ya kufurahisha.

Nimegundua nilikosea kuanza na alifu. Alifu ni ya watu wazima, imenyooka, haina mchezo. Juzi nikamkunjia shini: meno matatu, mkia, na komwe tatu juu. Nikamwambia, "Huyu ni wako. Shadya anaanza na huyu." Azza, alimchukua akamtia ndani ya gauni, akala naye, akalala naye. Asubuhi ukindu umepondeka, akalia kama kafiwa. Nikamkunjia mwingine. Toka hapo kila herufi anaiuliza, "Huyu wa nani?" Ndipo nikapata njia. Mimu wa Mama Mwanaasha, te wa Maku, he wa baba Hilal aliye peponi. Aini nikamwambia ni wa mama Azza. Anambusu kila asubuhi, nakwambia kweli.

Unga mweupe hakuna, tunakula yanga, ule unga wa njano wa msaada. Hata huo nikiukanda nabakiza donge dogo, anafinyanga dali, tunamkaangia. Dali haifiki kwenye sahani. Jioni nachora herufi kubwa uwanjani kwa mpini wa jembe, naye anaitembea kwa miguu toka mwanzo mpaka mwisho, hatua kwa hatua, Mzee Uweso akiwa mpambe anampigia makofi. Tumeshavuka kumi na tano.

Sasa la kunitia hofu. Wiki mbili nyuma kifua kilimbana. Si mafua, ni pumu, mganga kasema pumu. Alikuwa anavuta pumzi mbavu zinahesabika. Dawa ya kuvuta mdomoni Pangani hakuna, tukaambiwa tujaribu Tanga, na basi halikuwa na mafuta. Siku tatu nilimkalisha mapajani wima. Ikiwa huko dawa hiyo ipo, nitumie kwa mtu wa kwanza unayemwona. Hiyo tu ndiyo haja yangu kubwa.

Picha hii hapa. Alikataa kata kata kukaa peke yake kwenye kile kiti, alipiga kelele mpaka mpiga picha akaacha kazi akatoka nje. Ikabidi nisimame pembeni nimshike bega. Yule bwana aliniapia sitatokea. Nimetokea mkono, mpaka kwenye kiwiko. Usinicheke.

Na mbona hujasema lolote kuhusu safari yetu? Mama anauliza nani atambakia. Nataka nipange.

Dada yako,
Turkiya


Maskati,
15 Mei 1986

Dada Turkiya,

Shikamoo. Samahani nimechelewa, palikuwa na ugonjwa nyumbani. Sasa wote wazima.

Mwezi ujao atakuja Tanga Bwana Haidar, binamu yake Taimur, anafungua biashara huko kwa kuwa sasa mmeruhusiwa kuingiza bidhaa. Aliishi Mombasa, Kiswahili anakijua. Atafika Mwera kumwona Shadya, kwa sababu wakwe zangu wanataka kujua mtoto amelelewa vipi kabla ya kuzungumza habari ya kumleta. Mvishe vizuri. Amwonyeshe herufi zake. Akikuuliza habari za kwetu, usimweleze mengi, wewe mkaribishe tu.

Dawa bado naitafuta.

Azza


Mwera,
3 Julai 1986

Azza,

Wote wazima. Salamu ni hiyo.

Haidar alikuja Alhamisi. Pikapu imejaa masufuria na redio za kuuza mpaka haifungi nyuma, watoto wa kijiji wote wamening'inia. Mie nilikuwa nimefagia toka alfajiri. Nilitandika mkeka mpya ambao ulikuwa wa kuuza. Mama aliamka akakoroga mkate wa kumimina kwa sukari aliyoifungia kwenye kitambaa tangu mfungo. Shadya kavaa gauni la njano. Mie nimevaa khanga yako, nikasema mgeni akaone kwamba mdogo wangu ananitunza.

Mtu yule ana adabu, sitamsingizia. Alivua viatu. Akanitazama, akatabasamu, akasema: "Wewe ndiye yaya? Bibi Azza anakusifu sana."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikasema, "Karibu."

Akakaa. Akasema mama mkwe wako ana shaka na mtoto aliyekulia shamba, anaogopa atakuwa hajui alifu wala be. Nikamwita Shadya. Akaja na kikapu chake cha herufi za ukindu, nukta nimeshazishonea, akazimwaga zote mkekani. Haidar akazichanganya kwa mkono, akaokota moja moja. Mtoto hakukosea. "Huyu nuni, ana yai tumboni. Huyu be, mtoto wake yuko chini. Huyu jimu, anavuta tumbo." Bwana mkubwa alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akatoa kalamu na karatasi, akaandika shini. Shadya akaitazama tu. Hapo nilikumbuka mtoto huyu hajaona herufi kwenye karatasi hata siku moja, mikono yake ndiyo inayosoma. Hata kama nilikuwa nimeumia nilitaka afaulu. Akaweka kidole juu ya wino, akaupitia mpaka mwisho, akaupitia tena. Akasema, "Shini wangu."

Haidar akanigeukia akasema, "Yaya kama wewe Maskati hapatikani."

Mama alikuwa anatoka na sinia ya chai. Alisikia. Aliweka sinia chini, akarudi jikoni, na hakutoka tena mpaka gari lilipoondoka.

Halafu Haidar akatoa picha mfukoni amlinganishe mtoto. Picha ile ile niliyokutumia. Mkono wangu haupo. Umekatwa kwa mkasi, na kipande cha bega la gauni kimekwenda nao.

Usidhani nilishindwa kumwambia. Ulimi ninao, unaujua. Nilinyamaza kwa kuwa sikutaka mgeni athibitishiwe kabla yangu mie mwenyewe kwamba ndugu yangu ni mwongo. Nilimmiminia chai. Nikamwita "bwana". Shadya akanipanda mgongoni akisema, "Maku, mgeni anaondoka lini?" Haidar akasema, "Mtoto kakuzoea, itakuwa vigumu kidogo."

Nimekaa siku saba kabla ya kushika kalamu, nikitafuta namna nyingine ya kulielewa neno lile. Sijaipata. Nijibu kwa mstari mmoja: ulisema mie ni yaya wako, au hukusema? Nimeshamaliza.

Turkiya


Mwera,
6 Septemba 1986

Azza,

Miezi miwili. Posta nimekwenda mpaka karani akiniona kwa mbali anatikisa kichwa. Kama barua haikufika, niambie haikufika, niandike nyingine. Kama imefika, niambie hivyo. Mama haulizi tena habari zako. Shadya anafinyanga aini kwa udongo wa kisimani.

Turkiya


Maskati,
2 Oktoba 1986

Dada yangu Turkiya,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho, usiichane njiani. Zako zote mbili zilifika. Nilianza kukujibu mara nyingi.

Nilisema. Nitakueleza ilivyokuwa. Picha ilipofika mama mkwe alikuwa ameketi nami, akaichukua mkononi mwangu kabla sijaiangalia vizuri. Akaona mkono. Akauliza, "Mkono mweusi huu wa nani?" Walikuwepo wifi zangu watatu. Dada, hujui watu hawa. Mwanamke wa jirani alirudishwa kwao kwa sababu iligundulika bibi yake alikuwa Mwafrika. Mimi nilishawaambia tangu posa kwamba sina ndugu, wamekufa wote. Ulimi ukanitoka: wa yaya. Nilipokuwa chumbani nikaukata ule mkono kwa mkasi, nikalia. Kipande kile ninacho, nimekitia kwenye Msahafu wangu. Mungu ni shahidi.

Unajua mimi nakupenda. Lakini nifanyeje sasa? Neno likishatoka halirudi. Nikisema leo wewe ni dada yangu, mtoto hataletwa, na mimi mwenyewe sijui nitalala wapi. Sasa nina mimba ya miezi minne.

Wamekubali Shadya aje. Haidar atakuja na karatasi iliyotayarishwa na wakili, inasema wewe ni mlezi wa kuajiriwa, na kwamba huna dai la undugu kwa mtoto. Wanaogopa baadaye mtu asije akadai. Tia sahihi tu, dada, ni karatasi. Dawa ya pumu nimempa Haidar, ipo ya kutosha. Huku kuna hospitali kila mtaa. Mfikirie yeye, usinifikirie mimi.

Kuhusu kukuita, kwa sasa haiwezekani. Siku moja mambo yakikaa sawa nitatafuta njia. Ukipenda, unaweza kuja kama

Basi, tutazungumza.

Mdogo wako siku zote,
Azza


Mwera,
14 Desemba 1986

Azza,

Salamu zako sitaziitikia, maana kuitikia shikamoo ni kazi ya mkubwa wako, nawe umeandikisha kwamba huna mkubwa.

Ile sentensi uliyoikata katikati niliimalizia mwenyewe. Ungeniita nije kama yaya. Nilikaa nayo wiki nzima kifuani. Afadhali ungenitukana matusi ya nguoni. Nilimwangalia mama yangu anavyopeta mchele, aliyekutafunia muhogo ukiwa huna meno, nikasema huyu naye wameshamzika huko Maskati akiwa hai. Nimekuchukia, Azza. Nataka ulijue hilo bila kupambwa. Nimekuchukia mpaka mfupani, sijawahi kumchukia mtu hivyo.

Na sikukusudia kutia sahihi. Nilikwishafunga nguo za mtoto, nikampeleke Mkwaja kwa wajomba zangu, Haidar aje akute mlango una komeo. Aje na wakili, aje na mkuu wa wilaya, angewakuta bata. Tulikuwa tuondoke Jumamosi. Ijumaa kifua kikambana. Vibaya kuliko mara zote zilizotangulia, midomo imebadilika rangi, ananitazama tu kama mie ndiye niliyezuia hewa. Haidar akafika siku hiyo hiyo adhuhuri, kwenye mfuko mmoja ana karatasi yako na dawa. Alimwekea mdomoni, akabonyeza mara mbili. Ilifanya kazi kabla sijamaliza kumchukia yule mtu. Mtoto akavuta pumzi, akaomba uji.

Basi nikajua. Ningeweza kushindana na wewe, na mama mkwe wako, na wakili. Lakini kile kifua sikiwezi. Dukani sasa kuna kila kitu, vitenge, redio, sabuni za kunukia, lakini dawa ile hata leo nimeuliza, hakuna. Nimemtoa kwa sababu hiyo. Usije ukamwambia nilimtoa kwa sababu nyingine.

Ameondoka na Haidar na mkewe Jumatatu, gari la asubuhi kwenda Dar es Salaam kupanda ndege. Hakulia. Nilimwambia nakuja na gari la nyuma. Ni uongo wa kwanza niliomwambia toka azaliwe, na nimejifunza kwako. Alinipungia mkono akasema nisichelewe. Mama hakutoka kuaga, alikuwa amelala amegeukia ukutani, na mpaka leo hajala kitu cha maana.

Yaliyobaki ni kazi, nitakukabidhi kama mtu anayetoka zamu. Zimebaki herufi nne: dhwadi, dhwo, ghaini na wau. Utamfundisha wewe. Usimkalishe na karatasi, hatakuona. Mpe kitu cha kukunja au kufinyanga, kisha mwache aitaje mwenyewe. Akikosea usimwambie amekosea, mwulize "huyu wa nani?" atajirekebisha. Akichoka hukunja kidole gumba ndani ya ngumi, hapo acha. Dawa apewe akiwa ameketi wima. Na akikuuliza te ni wa nani, mjibu utakavyojua.

Sasa la sahihi, nimeliweka mwisho kwa makusudi.

Ofisini kwa wakili, Tanga, karani alisoma karatasi kwa sauti, watu wamejaa benchi zima: mimi Turkiya, mlezi wa kuajiriwa, sina undugu wa damu na mtoto huyu wala na mama yake. Shadya yuko mapajani mwangu anacheza na kifungo cha gauni langu. Nikamwuliza karani kama nitashika Msahafu. Akasema la, bibi, sahihi inatosha. Ingekuwa kuapa, Azza, mtoto asingeondoka, hata kwa kile kifua.

Akanisukumia kalamu. Mie, niliyekwenda nyumba kwa nyumba Mwera hii kuwafundisha wazee kuandika majina yao, wasiaibike tena mbele ya makarani. Niliitazama ile kalamu. Nikaona siwezi kuliandika jina alilonipa baba yetu chini ya maneno yale. Nikamwambia karani, "Sijui kuandika."

Haidar alinigeukia. Alifungua mdomo, akatazama kikapu cha mtoto chenye ukindu, akanitazama tena mie na mkono wangu. Nadhani alijua wakati ule mie ni nani. Akainamisha kichwa. Karani akaleta kidau cha wino, akanishika kidole gumba kama anavyomshika bibi kizee yeyote, akakigandamiza kwenye karatasi.

Hivyo huko Maskati mna dole la mtu, jina kwa mkono wangu halimo. Mtoto unaye. Usinitumie khanga, usinitumie sabuni, wala usiniandikie barua tena. Yaya wako hajui kusoma.